UZI: Masters ya dosimetria ya tiba (kupanga mionzi ya saratani) – soma hapa kabla hujalipa ada

#1 MezaYaPlani

Wakuu, salaam.

PM zimekuwa nyingi na zote zinauliza kitu kilekile: "Kaka, hiyo masters ya dosimetria inalipa? Naingiaje?" Naweka kila kitu hapa, asiyejua asome na anayejua zaidi yangu aongeze. Nipo Marekani, napanga dozi kwenye idara ya tiba ya mionzi. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa mashine, yaani yule anayemlaza mgonjwa mezani na kuwasha mwale. Nitaongea ya Marekani. Ya nyumbani nawaachia walio nyumbani.

Msimamo wangu nauweka mapema tusipotezeane muda. Kama unataka kuishi na kufanya kazi Marekani, hii ni shahada nzuri na wengi hata hawajui kama ipo. Kama unataka kusoma halafu urudi Dar, Mwanza au Nairobi, soma fizikia tiba, hii achana nayo. Najua nitarushiwa mawe. Tutafika huko.

Kazi yenyewe iko hivi. Daktari bingwa anaamua dozi na anachora uvimbe ulipo. Mfizikia tiba anahakikisha mashine inatoa kile inachodai kutoa, na anakagua plani, yaani mpango wa miale na dozi ya mgonjwa. Mteknolojia anampa mgonjwa tiba kila siku. Katikati yao kuna mtu aliyekaa na picha za CT scan. Anachora viungo vyote visivyotakiwa kuungua: uti wa mgongo, mapafu, moyo, figo, kibofu, tezi za mate. Kisha anatafuta miale iingilie upande gani, kwa umbo gani na kwa uzito gani, uvimbe upate dozi yake kamili na majirani wasalimike. Huyo ndiye dosimetrista.

Chukua titi la kushoto. Moyo uko hapohapo nyuma ya mbavu. Mwaka 2013 Darby na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wa Uswidi na Denmark waliowahi kupata mionzi ya titi: kila Gy 1 (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani iliyoingia moyoni iliongeza hatari ya ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na hakukuwa na kiwango cha chini ambacho ungesema hapa ni salama kabisa. Basi nikikaa mezani nazungusha pembe ya mwale. Digrii mbili tatu upande huu, moyo unatoka kwenye mwale lakini pafu linaingia zaidi. Narudisha nusu. Sasa kona ya titi karibu na kwapa inakosa dozi. Ikishindikana namwambia daktari tumpige mama CT scan upya akiwa amevuta pumzi na kuishikilia, kwa sababu pafu likijaa hewa moyo unasogea mbali na kifua. Siku ya tiba naye atashikilia pumzi vilevile. Kazi nzima ni kuchagua namna hiyo, kutwa.

Shule sasa. Zamani hapakuwa na shule. Mfizikia alimchukua mtu mwepesi wa hesabu, akamfundisha palepale hospitalini. Chama chao cha kitaifa, AAMD, kilianzishwa 1975, na kwa miaka mingi watu waliingia kwa mlango huo wa ufundi. Mlango ulifungwa 2017. Tangu hapo MDCB, bodi inayotoa vyeti vya dosimetrista, inataka uwe na shahada ya kwanza, na uwe umehitimu programu iliyoidhinishwa na JRCERT (chombo kinachokagua programu za mionzi) ya angalau miezi 12, ndipo ukae kwenye mtihani wa kupata cheti cha CMD, yaani dosimetrista aliyethibitishwa. Bila CMD, matangazo mengi ya kazi hata usiyafungue.

Ndiyo maana vyuo vingi vimeenda kwenye masters. Kuna University of Wisconsin–La Crosse, Southern Illinois University Carbondale, Grand Valley State University kule Michigan, Thomas Jefferson University pale Philadelphia, na vingine. Nadharia nyingi husomwa mtandaoni, vitendo hospitalini. Utasoma fizikia ya mionzi, anatomia ya vipande (mwili unavyoonekana ukikatwa kama kwenye CT scan), baiolojia ya mionzi, brakitherapi (mionzi ya kuweka chanzo ndani ya mwili), upangaji wa tiba, kinga ya mionzi, na utafiti kidogo. Kitakachokuumiza kichwa ni anatomia. Watu wanaogopa fizikia bure.

Jambo ambalo hakuna anayeliuliza PM, na ndilo linalovunja watu: nafasi ya vitendo. Madarasa ya mtandaoni yanaweza kubeba watu wengi. Hospitali inayokubali mwanafunzi kwa muda mrefu, na CMD mwenye subira ya kumfundisha, ni chache. Idadi ya wanaodahiliwa inafuata nafasi hizo. Kabla hujalipa hata ada ya maombi uliza: nitapelekwa hospitali gani, jimbo gani, nani anatafuta nafasi hiyo, chuo au mimi? Unaweza kuambiwa uhamie jimbo ambalo humjui mtu, huna gari, na barafu imefika magotini.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 Jemedari Kipute

Kwa hiyo kwa kifupi wewe ni fundi cherehani wa mionzi. Daktari anasema gauni, wewe unapima kiuno 😂

Nimekaa pale, endeleeni.

---

#3 MezaYaPlani

@Jemedari Kipute umepatia kuliko ulivyokusudia. Tofauti yangu na fundi wako ni kwamba mimi siwezi kufumua.

---

#4 BintiPwani

Asante kwa bandiko, kaka. Nina shahada ya kwanza ya biolojia ya hapahapa Marekani, sijawahi kugusa mashine ya mionzi. Naweza kuingia au ni ya wateknolojia tu? Hesabu zangu ni za kawaida.

---

#5 MezaYaPlani

@BintiPwani unaweza, dada. Wengi darasani wanatoka teknolojia ya tiba ya mionzi na wana faida yao: wanajua mgonjwa anavyolala, wanajua ni mkono upi hauinuki na nani hawezi kutulia dakika 10. Vyuo vinadahili pia watu wa biolojia na fizikia. Watakutaka fizikia ya chuo, anatomia na fiziolojia, hesabu za aljebra na trigonometria, wengine wataongeza kalkulasi. Kila chuo kina orodha yake, soma ya mwaka huu, usisome ya rafiki yako aliyeingia zamani.

Kwa asiyetoka kwenye mashine, kitu kimoja kinabeba maombi: kukaa hospitalini na dosimetrista ukimtazama anavyofanya kazi. Vyuo vingi vinadai uthibitisho wa hilo. Usiende siku moja ukapiga picha ukaondoka. Omba uone kesi moja tangu CT scan mpaka mgonjwa anapata tiba ya kwanza. Ukichoka kutazama mtu akichora utumbo kipande kwa kipande, basi umeshapata jibu lako bure.

Kuhusu hesabu, nikuonyeshe moja. Mgonjwa anapewa 200 cGy (cGy ni sehemu ya mia ya Gy) kwa siku, miale miwili inayotazamana, mbele na nyuma, kila mmoja utoe 100. Mashine huhesabu mwale kwa yuniti, na imepimwa kwamba yuniti 1 inatoa 1 cGy pale dozi inapofika kilele. Lakini uvimbe wako uko ndani zaidi, na nyama iliyo juu yake imeshakula sehemu ya mwale. Tuseme kwenye kina hicho inabaki 0.78. Basi 100 gawanya kwa 0.78 unapata kama yuniti 128. Vipo vizidishio vingine vya ukubwa wa dirisha la mwale na kama kuna kabari (kipande cha chuma kinachopunguza mwale upande mmoja), ila uti wake ndio huo. Kama hii imekuingia, hesabu hazitakufukuza.

---

#6 kobalti_wa_kanda

Nimesoma nikacheka pale ulipoandika "ya nyumbani nawaachia walio nyumbani" halafu mstari unaofuata ukawaambia watu wa nyumbani wasisome. Mkuu umetuachia au umetuamulia?

Mimi ni mteknolojia wa tiba ya mionzi, hospitali siitaji. Nikupe picha. Mashine ya kobalti, inayotumia chanzo cha madini ya mionzi, haina yuniti kama zenu, ina muda. Chanzo kinapungua nguvu takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi kinabaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa anamaliza kwa dakika mbili sasa analala dakika nne. Zidisha kwa foleni ya kina mama wa mlango wa kizazi unaoikuta asubuhi, utaelewa kwa nini tunatoka usiku. Sasa kwenye hali hiyo mfizikia tiba mmoja anapima mashine, anapanga dozi, anakagua plani aliyoipanga mwenyewe, anahudhuria kikao cha manunuzi, na anafundisha wanafunzi. Plani zinapanga foleni mezani kwake. Mgonjwa kashapigwa CT scan, anasubiri.

Unaniambia hatuhitaji mtu wa kukaa kwenye plani tu? Tunamhitaji huyo kuliko ninyi mnavyomhitaji.

---

#7 MezaYaPlani

@kobalti_wa_kanda kazi ipo, sijabisha. Ninachosema ni kwamba cheo hakipo. Mtu akirudi na masters iliyoandikwa dosimetria ya tiba, ataajiriwa kama nani? Ataingizwa ngazi gani ya mshahara? Akienda kama mfizikia tiba ataambiwa hana fizikia ya kutosha, akienda kama mteknolojia ataambiwa ana shahada ya juu mno. CMD ni cheti cha Marekani, kinafungua milango ya Marekani. Mfizikia tiba anatambulika kote: anaweza kupanga dozi NA kupima mashine NA kusaini. Kwenye nchi yenye mashine za kuhesabika, mtu wa namna hiyo anabeba zaidi.

Kwa anayetaka njia hiyo: kuna masters ya fizikia tiba ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia) na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia. Imeanza 2014, ni miaka miwili, wa kwanza darasani Trieste na wa pili hospitalini. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi zetu na ina ufadhili. Hiyo ukirudi nayo hakuna atakayekuuliza wewe ni nani.

---

#8 kobalti_wa_kanda

@MezaYaPlani hoja ya cheo nakubali, hiyo kweli inaua watu. Lakini hukuhitaji kusema "achana nayo". MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, wana shahada ya kwanza ya teknolojia ya tiba ya mionzi. Vijana wanatoka pale wanajua CT scan, wanajua kuchora, mikono myepesi. Ukichukua mmoja kama huyo ukamfundisha kupanga tu, mwaka mmoja, unampunguzia mfizikia nusu ya mzigo. Mimi nilichora viungo kwa muda mrefu bila kuwa na cheo chochote cha kuchora. Cheo kinakuja baada ya kazi kuonekana. Hata huko kwenu ulisema wenyewe walianza na ufundi, shule ikafuata.

---

#9 Wanjiru_K

Niongeze ya Kenya. Hapa Nairobi kuna mashine KNH (Kenyatta), KUTRRH (hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta), Aga Khan na hospitali nyingine za binafsi, na kazi ya kupanga hufanywa na wafizikia na baadhi ya wateknolojia waliopelekwa kozi. Nilipoenda kozi fupi nje, cheti nilichorudi nacho HR aliuliza "hii tuiweke wapi?" Ikawekwa kwa faili. Kwa hivyo MezaYaPlani si muongo, ingawa namuunga mkono kobalti pia. Mimi nafanya plani kila siku na payslip yangu inasema kitu kingine kabisa.

---

#10 Mkazi wa Ntinda

Nyinyi mnabishana cheo, sisi Uganda tuliona mwisho wa ubishi huo. Mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa ya tangu 1995, moja tu kwa nchi nzima. Aprili 2016 ikafa kabisa. Wafizikia walikuwepo, wateknolojia walikuwepo, madaktari walikuwepo. Wagonjwa wengine walipelekwa Nairobi, Aga Khan ilijitolea kutibu 400. Mashine mpya ilianza kazi Januari 2018. Wale wasio na nauli katikati hapo msiniulize.

---

#11 Jemedari Kipute

Duh. Hapa utani naweka pembeni.

---

#12 MwanaWaMama_77

Samahani kuingilia uzi wa wataalamu. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi, ameandikiwa mionzi mara 25. Amepigwa CT scan, akachorwa alama kwenye ngozi, akaambiwa arudi nyumbani atapigiwa simu. Hii ni wiki ya pili. Ndugu wanasema hospitali imemsahau, twende kwa mtaalamu wa dawa za asili kwanza. Pia aliambiwa anywe maji asiende chooni kabla ya kipimo, hatukuelewa kwa nini. Naomba mnieleweshe kwa lugha rahisi.

---

#13 MezaYaPlani

@MwanaWaMama_77 pole sana, ndugu yangu, na hujaingilia kitu. Mimi si daktari wa mama, kwa hiyo nieleze tu kinachofanyika huko nyuma.

Baada ya CT scan ndipo kazi tunayoizungumza humu inaanza. Daktari anachora ugonjwa, mwingine anachora viungo, mtu anapanga, daktari anaitazama, mara nyingi anairudisha, mfizikia anakagua. Inachukua siku kadhaa hata penye watu wa kutosha. Wiki mbili penye foleni inawezekana, ila usikae kusubiri simu. Nenda kesho, taja jina na namba ya faili, uliza plani imefika wapi na tarehe ya kuanza ni ipi. Kuuliza si usumbufu. Hayo ya dawa za asili mwambieni daktari wake kabla ya kumpa chochote, na tarehe isiachwe kwa ajili yake.

Alama za ngozini zisifutwe. Akioga asizisugue. Zikififia arudi zikolezwe hospitalini, msizichore wenyewe nyumbani hata kama mnaona zilipokuwa.

Maji: kibofu kikijaa kinausukuma utumbo mdogo juu, nje ya miale, na kinamlinda na kuhara. Tena plani imechorwa kibofu kikiwa na ukubwa ule wa siku ya CT scan. Akija siku ya tiba kibofu kitupu, viungo vimehama na picha niliyopangia si yake tena. Kwa hiyo maji kiasi kilekile, muda uleule, kila siku ya tiba.

Na baada ya hizo 25 usishangae akiambiwa kuna nyingine za ndani. Hiyo inaitwa brakitherapi, chanzo cha mionzi kinaingizwa karibu kabisa na mlango wa kizazi kwa muda mfupi kisha kinatolewa. Ni sehemu ya tiba. Wapo wanaokimbia wakifika hapo wakidhani ya nje imetosha.

---

#14 kobalti_wa_kanda

@MwanaWaMama_77 fanya alivyosema, na uende asubuhi mapema kabla tiba hazijaanza kupamba moto, mtapata mtu wa kuwasikiliza. Mama asikose siku akishaanza. Siku zikirukwa hovyo saratani nayo inapata nafasi ya kuota.

---

#15 Mchambuzi_Huru

Swali la kizushi kwa mleta uzi. Akili mnemba siku hizi inachora viungo kwa dakika chache. Programu zinapanga zenyewe. Mtu akope maelfu ya dola kusomea kazi itakayofanywa na kompyuta kabla hajamaliza mkopo?

---

#16 MezaYaPlani

@Mchambuzi_Huru si la kizushi, ndilo swali ambalo hata sisi tunaulizana kwenye chai. Ndiyo, inachora. Asubuhi nikifungua kompyuta nakuta mapafu, uti wa mgongo, moyo, figo vimeshachorwa na vimechorwa vizuri. Saa nzima ya maisha yangu imerudi. Halafu nafika kwa mzee mwenye nyonga ya chuma. Chuma kimeichafua picha kwa mistari meupe na meusi, programu imechora kibofu kikiwa na mkia. Au njia ya haja kubwa imejaa hewa, ikachorwa nusu. Au mgonjwa ameshatolewa figo moja, na yenyewe imemtafutia ya pili.

Kwa hiyo anayechora tu, kazi yake inakwisha, nakubali. Atakayebaki ni anayeweza kutazama plani akasema hii siitaki na kwa nini.

Kwa nini nasisitiza hili: someni habari ya Panama. Taasisi yao ya taifa ya saratani, mwaka 2000. Programu ya kupanga ilikuwa inakubali vizuizi vya mionzi vinne tu kwa mwale, wao walitaka kimoja zaidi kuwalinda wagonjwa wa saratani za eneo la nyonga. Wakatafuta njia ya kuviingiza vyote kwa pamoja kama kimoja. Kompyuta ikakubali. Haikulia wala haikuonya. Ikatoa muda wa tiba uliokaribia mara mbili ya unaotakiwa, kwenye mashine ya kobalti. Nia ilikuwa njema kabisa, kumlinda mgonjwa. Wagonjwa 28 walizidishiwa dozi kabla haijagundulika 2001, na baadhi yao walikufa kwa dozi hiyo. Hapakuwa na mtu wa kuchukua kalamu na kuhesabu muda kwa mkono. Hesabu ile ya yuniti 128 niliyomwonyesha BintiPwani ndiyo ingepiga kelele.

Tulipoisoma darasani mwalimu hakutuuliza nani alaumiwe. Alitupa namba, akataka kila mmoja ahesabu kwa mkono aone pengo linavyojitokeza. Hiyo ndiyo tofauti ya masters na kozi ya kujua vitufe vya programu. Vitufe vya Eclipse au RayStation utavijua kwa wiki kadhaa.

---

#17 Wanjiru_K

Hiyo ya Panama tulisimuliwa pia. Na ndiyo sababu naogopa ile ya #6, mtu mmoja anapanga na kukagua yake mwenyewe. Jicho lililokosea asubuhi ndilo hilohilo jioni.

---

#18 kobalti_wa_kanda

Umeona sasa, @MezaYaPlani? Umetoa mwenyewe hoja yangu. Ukiweka mpangaji, mfizikia anakuwa jicho la pili. Ukimrundika mfizikia kila kitu kama unavyoshauri, umeondoa jicho la pili. Rudi na dosimetria yako bwana, tutakupigania cheo.

---

#19 MezaYaPlani

@kobalti_wa_kanda hapo umenibana, na sitazunguka. Kwa usalama wa mgonjwa uko sahihi. Kwa kijana mmoja anayetaka ajira mwaka kesho bado namwambia fizikia tiba. Wakipatikana wafizikia wawili kwenye kituo, mmoja apange na mwingine akague, jicho la pili limepatikana na wote wana cheo. Siku mtakapokuwa na cheo cha mpangaji kwenye muundo wa utumishi, nitabadilisha bandiko la kwanza kwa mkono wangu.

---

#20 Mzalendo wa Kimara

Mbona hamsemi maokoto? Tuambieni namba.

---

#21 MezaYaPlani

@Mzalendo wa Kimara Marekani mshahara wa kawaida wa dosimetrista mwenye CMD ni zaidi ya dola laki moja kwa mwaka kabla ya kodi. Usiibadilishe kuwa shilingi ukazimia. Toa kodi, bima, pango, na mkopo wa shule. Kwa aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi: baada ya shule una mwaka mmoja wa kufanya kazi kwa OPT (kibali cha kazi cha mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi), baada ya hapo unahitaji mwajiri wa kukudhamini, na hospitali nyingi ndogo hazitaki usumbufu huo. Pia hospitali ya vitendo inaweza kuwa na masharti yake kwa asiye mkazi. Uliza hilo chuoni kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi. Mwenye green card au uraia njia yake ni nyepesi zaidi.

Cheti cha nyumbani kitatathminiwa kwanza na wakala anayekubalika na chuo. Anza hilo mapema sana, kwa sababu transkripti kutoka kwetu... mnajua wenyewe.

---

#22 Mzalendo wa Kimara

Transkripti 😂😂 mkuu hapo umegusa kidonda. Yangu iliambiwa "mhusika yuko likizo."

---

#23 BintiPwani

Kaka nimerudi. Nimepata hospitali imenikubali niende kukaa na dosimetrista wao kuanzia Jumatatu. Nitazame nini ili nisiwe pambo tu pale? Na kwenye usaili wa chuo huwa wanauliza nini?

---

#24 MezaYaPlani

@BintiPwani hongera sana, dada.

Muombe akuonyeshe mchoro wa DVH, yaani wa dozi dhidi ya ujazo wa kiungo, ule wenye mistari inayoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mstari ni kiungo, unasoma asilimia ngapi ya kiungo imepata dozi kiasi gani. Wa uvimbe unataka ukae juu kisha uporomoke ghafla. Wa viungo vingine unataka uanguke mapema. Kesi ya pafu, mwambie akuonyeshe V20, yaani sehemu ya mapafu iliyopata Gy 20 au zaidi. Wengi wanajitahidi isivuke asilimia 30. Kisha muulize swali hili: "Mchoro huu ni mzuri, mbona umeikataa plani?" Atafungua picha vipande kwa vipande akuonyeshe doa la dozi kali limekaa pabaya, labda ukutani mwa umio. Mchoro hausemi doa liko wapi. Ukilielewa hilo Jumatatu tu, umeshatangulia wengi.

Halafu shuka chini kwenye mashine umwone mgonjwa huyohuyo akilazwa. Usikubali kukaa juu siku zote. Kuna plani tamu kwenye kioo ambazo mkono wa mashine ungegonga meza au goti la mgonjwa.

Usaili watauliza kwa nini usiwe mteknolojia, au kwa nini usiwe mfizikia. Hapo ndipo wengi wanajibu "napenda kusaidia watu", jibu ambalo hata muuza maji anaweza kulitoa. Wewe utakuwa na kesi uliyoiona kwa macho yako, ieleze hiyo. Watauliza pia utaishije ukipelekwa jimbo la mbali, na wanauliza kwa dhati, kwa hiyo uwe na jibu la kodi ya nyumba na usafiri.

Usije PM. Ukitoka huko Jumatatu andika hapahapa umeona nini, kuna wenzako wanasoma kimyakimya.

---

#25 MwanaWaMama_77

Tumeenda leo. Plani ilikuwa imerudishwa kwa daktari irekebishwe, wamesema anaanza Alhamisi. Tumepewa ratiba ya maji imeandikwa kwenye karatasi. Asanteni sana.

---

#26 kobalti_wa_kanda

@MwanaWaMama_77 safi. Alhamisi aje na khanga au gauni la kufungua mbele, na asipake mafuta wala losheni eneo lenye alama kabla ya kuingia.